Esnati na Njia ya Msiba

Kabla ya kukabidhiwa mnara wa mtandao wa kijiji cha Namilambe, Esnati Muhiye alikuwa msimamizi wa foleni kwenye mashine ya kusaga. Watu wakilicheka hilo, yeye hucheka nao, kisha huwaambia kazi ni ileile, ila gunia la mahindi halikupigii simu kulalamika.

Mashineni alikuwa na amri zake. Wanawake walipanga mabeseni tangu alfajiri, beseni likasimama badala ya mwenyewe, mwenyewe akarudi kupalilia mbaazi. Wachuuzi walifika na magunia juu ya baiskeli, wakitaka wasagiwe kwanza kwa sababu wana magunia.

"Ndiyo maana utasubiri, baba," Esnati aliwaambia. "Gunia halina haraka. Aliye na haraka ni wewe."

Mwenye kibakuli cha uji wa mtoto alipita mbele ya wote. Kibakuli kikiingia, mashine haina habari kama kuna kitu kimepita, na mtoto aliyekuwa analia nyumbani amenyamaza. Lakini juu ya amri hiyo aliweka nyingine: kibakuli kimoja kwa mtu mmoja, basi. Alikwisha kuona wajanja wakigawa gunia zima kwenye vibakuli na kuvipitisha kwa mikono ya watoto wa majirani. Siku hiyo mama mwenye kibakuli cha kweli alirudi nyumbani na punje zake, hazijasagwa.

Chama cha kijiji kilipousimamisha mnara kwenye kilima nyuma ya shule, walitafuta mtu wa kupelekwa mjini Zomba kufundishwa kuuendesha. Wazee hawakubishana sana. Walisema apelekwe yule mwanamke anayeweza kumwambia mwenye magunia asubiri akasubiri.

Huko Zomba mwalimu aliandika ubaoni kwamba kila kinachopita mtandaoni hukatwa vipande vidogo vidogo, vipande hupanga mstari, na mwenye mtandao ndiye anayeamua mstari upi utangulie. Akasema sauti ya mtu ni vipande vichache, lakini haivumilii kucheleweshwa hata kidogo. Filamu ni vipande vingi mno, lakini inaweza kungoja. Esnati akacheka peke yake darasani. Mwalimu akamuuliza kinachomchekesha.

"Hapana, baba. Naona mmekuja kwetu mkaangalia mashine, mkaenda kuandika kitabu."

Aliporudi alipanga mistari yake. Wa kwanza ulikuwa wa sauti, yaani wanaozungumza kwa simu, na kituo cha afya kikiwa mbele yao. Wa pili shule na ofisi ya chama. Wa tatu watu wa kawaida na jumbe zao. Wa mwisho filamu, mpira na mambo yote mazito ya vijana. Kila mstari aliupa kipimo chake, usile wa mwenzake. Akajifunga kitenge juu ya suruali, akapanda mnara mwenyewe kukaza nyaya, na wanawake waliokuwa wanachota maji chini wakapiga vigelegele kama vile wanamchezea ngoma.

Vijana wa baiskeli za abiria, wale wanaoshinda kivulini dukani wakingoja wateja, ndio waliomsumbua.

"Dada Esnati! Mpira umeganda hewani! Kipa ameruka hajashuka!"

"Mwache apumzike huko juu. Nesi anaongea na hospitali ya wilaya."

"Sasa goli limeingia au halijaingia?"

"Utaambiwa. Wewe si unajua kusubiri? Si ulisubiri mke miaka yote hiyo?"

Basi wenzake humcheka yule kijana mpaka kipa anashuka.

Jambo moja tu Esnati hakulipimia, nalo ni msiba. Kule Namilambe, na pande zote zile za chini ya mlima Mulanje, jeneza likipita barabarani mwendesha baiskeli anashuka, mwenye kofia anavua, gari linasimama na injini inazimwa. Hakuna anayeuliza marehemu ni nani. Duka linafungwa nusu mlango. Mtu asiyefika kwenye misiba ya wenzake anajulikana, na siku yake ikifika atabebwa na hewa. Kwa hiyo Esnati alipopanga mistari ya mnara, aliuwekea msiba waifai yake yenyewe, akaiita Msiba, akaitanguliza mbele ya mistari yote, mbele ya sauti, mbele hata ya kituo cha afya, na hakuiwekea kikomo. Asingeweza hata kuliwaza hilo. Nani anaupimia msiba?

Na kwa misiba midogo mambo yalikwenda vizuri. Nyumba iliyofiwa inapewa neno la siri, simu moja inashikwa na mtu mmoja, watoto walioko Joni, huko Afrika Kusini kwenye kazi, wanauona uso wa mama yao kabla haujafunikwa. Wanalia huko, huku wanalia, msiba unakuwa mmoja. Watu walimshukuru sana Esnati kwa hilo.

Kisha akafariki Bibi Nasibeko.

Huyu alikuwa bibi wa watu wengi, lakini wa damu hasa aliyekuwa akiishi naye ni mjukuu mmoja, Tiyanjane, msichana ambaye mama yake, binti wa Bibi, alishatangulia. Bibi alipougua, aliyemwogesha na kumlisha ni Mama Falesi wa nyumba ya pili, binti wa dada yake marehemu. Tiyanjane alikuwa anakula kwa Mama Falesi, analala kwa Bibi, anasoma shule ya pale pale, na akili yake yote ilikuwa pale.

Bibi alikuwa na mtoto wa kiume, Waisoni, muuza vitambaa huko Limbe. Alikuja msibani na mkewe na watoto wao wachanga mapacha, na kabla hata hajakaa chini alishasema kwamba Tiyanjane ataondoka naye. Hakusema kwa ubaya.

"Atasoma mjini," alisema. "Na mke wangu anahitaji mkono, mnawaona hawa wawili."

Mama Falesi aliwaona. Aliona pia Tiyanjane alivyokwenda nyuma ya jiko akakaa amewapa watu mgongo.

"Unataka kwenda?" alimuuliza.

Tiyanjane alitikisa kichwa kukataa. 

Lakini si Mama Falesi wa kuamua, na si Tiyanjane. Mwenye neno ni nkhoswe, yule mjomba anayeusemea ukoo, na nkhoswe wa nyumba ile alikuwa mdogo wake Bibi, Mzee Sailesi, mchomeleaji wa vyuma, aliyeondoka kwenda Joni akiwa kijana na sasa ana mvi. Karatasi zake za kusafiria zilikuwa zimekwama, hakuweza kuja. Kawaida yao ni hii: kabla jeneza halijapigwa misumari, nkhoswe anasimama karibu na kichwa cha marehemu, anaeleza ugonjwa ulivyokuwa, anawashukuru waliouguza, na anasema waliobaki watabaki na nani. Neno hilo likishasemwa mbele ya watu, limesemwa. Nkhoswe asiposema mpaka misumari ikapigwa, neno linashuka kwa anayemfuata. Na anayemfuata Mzee Sailesi alikuwa Waisoni.

Kwa hiyo siku ile kila mtu uwanjani alijua: sauti ya Mzee Sailesi ikifika, Tiyanjane ana mtu wa kumsemea. Isipofika, kesho asubuhi yuko kwenye basi la Limbe.

Ulikuwa msimu wa chiperoni, ule ukungu wa manyunyu unaotoka upande wa Msumbiji na kuufunika mlima. Jua halikuonekana tangu asubuhi, ila watu walijua linashuka kwa jinsi baridi ilivyozidi. Wajukuu, ndivyo wachimba kaburi wanavyoitwa, walishatuma mtu kusema shimo liko tayari. Esnati alikuwa jikoni na wanawake, mbele ya sufuria kubwa la ugali, mwiko mkononi, machozi ya moshi yakimtoka. Neno la siri la waifai alilitoa asubuhi kwa Mama Falesi, akaenda zake kupika. Hakulifikiria tena.

Kwenye veranda, karibu na jeneza, simu ya Mama Falesi iliwekwa juu ya kiti, ikaunganishwa na kipaza sauti cha kanisa. Mkuu wa kijiji, Nyakwawa Namilambe, akainua mkono, uwanja ukanyamaza. Uso wa Mzee Sailesi ukatokea kwenye kioo cha simu, amevaa koti na tai.

"Wazee wangu, mimi Sailesi... kwa uchungu... dada yangu ali..."

Kimya. Uso ukaganda, mdomo wazi. Kisha maneno mengi yakaja pamoja, yamebanana, yanakimbizana, hata mtu hakujua lipi lilitangulia lipi. Kisha kimya tena.

"Mjomba, rudia!" Waisoni alipaza sauti.

Wakangoja. Mzee Sailesi, ambaye huko aliko alikuwa bado hajasikia kuambiwa arudie, aliendelea mbele. Halafu akasikia, akasimama, akaanza upya, na huku nao wakawa wameanza kumwuliza kitu kingine. Mara tatu walijaribu. Watu wawili waliosimama pande mbili za mto uliofurika wangeelewana zaidi.

"Tumesikia nini hapo?" Nyakwawa aliuliza.

"Tumesikia salamu," mzee mmoja alijibu, "na kikohozi."

Waisoni akasimama. "Mkuu, jamani, giza linaingia. Mjomba amejitahidi, sote tumeona. Mama hawezi kulala nje kwa sababu ya simu. Tupige misumari. Neno nitalibeba mimi."

"Neno la nkhoswe halipokelewi vipande vipande," Nyakwawa alisema, lakini aliangalia mbinguni, na mbinguni palikuwa panazidi kuwa kijivu. "Esnati yuko wapi? Mwiteni mwenye mnara."

Esnati alikuja anajifuta unga mikononi. Kompyuta ya kazi huwa nayo siku zote, imefungwa kwenye kitenge mgongoni kama mtoto. Aliifungulia pale pale sakafuni, karibu na miguu ya wazee. Njia ya mtandao kutoka Namilambe kwenda mjini ni moja na ni nyembamba, kama daraja la mti mmoja: wanaokwenda na wanaorudi wanapishana juu yake. Akatazama nani yuko darajani.

Mistari yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja. Mstari wa msiba ulikuwa umejaa hadi mdomoni.

Akainua kichwa akautazama uwanja. Vijana walikuwa wanaipiga kwaya video. Shangazi mmoja alikuwa anamwonyesha mwanawe huko Joni masufuria. Mtu anatuma picha za magari. Kila mkono una simu, na kila simu imeingia kwenye waifai ya Msiba.

"Nani amewapa neno la siri?" aliuliza polepole.

Emelesi, mpishi mwenzake, mwenye mdomo usiopumzika, alijibu kutoka kwenye masufuria. "Mimi! Nililisikia ukimpa Mama Falesi, nimelitangaza tangu saa za chai. Ulitaka niwanyime? Msibani mtu hanyimwi maji, hanyimwi ugali, wewe unataka anyimwe namba?"

Hapo Esnati akaelewa, na kosa lilikuwa lake, halikuwa la Emelesi. Hakukuwa na mwizi mle ndani. Kila kilichojaa mlangoni kilikuwa msiba kweli. Ni vile vibakuli vyote, ila safari hii vya halali, na sauti ya nkhoswe imesimama katikati yao na punje zake. Akatazama mstari wa kituo cha afya: hakuna kilichopita tangu mchana. Hilo lilimtia baridi kuliko chiperoni.

Akapiga magoti mbele ya Nyakwawa, akapiga makofi ya heshima, taratibu, viganja vimekunjwa.

"Mkuu, wote tumeingia kwa mlango wa mbele, na mlango ni mmoja. Naomba ruhusa niuwekee msiba kipimo."

Uwanja ukavuma.

"Kipimo?" Waisoni alisema. "Unataka kuuzima msiba wa mama yangu?"

"Siuzimi, kaka Waisoni. Naupanga. Sauti ya mjomba itapita peke yake kwenye njia yake. Picha yake itafuata nyuma. Hizi simu zote zitangoja."

"Zingoje mpaka lini? Ndugu zetu walioko Joni hawana haki ya kuona?"

"Wanayo. Lakini video ikichelewa inafika nzima. Sauti ikichelewa haifiki, na ikifika haifai."

"Esnati!" Emelesi akadakia. "Siku hizi hata msiba unaupimia?"

"Naupimia, dada. Kama chumvi. Ukiimwaga yote kwa sababu unaipenda, nani atakula?"

Wanawake wakacheka chini chini, wakajifunika kwa vitenge. Nyakwawa hakucheka. Alikuwa ameshika simu yake mwenyewe, na Esnati aliona kwamba inarekodi, na kwamba inakwenda moja kwa moja kwa mwanawe huko Durban.

"Na hii?" Nyakwawa aliuliza.

Watu wa nyuma wakanyoosha shingo. Mkuu wa kijiji hasubirishwi, hata mashineni alikuwa na mtu wa kumpelekea mahindi. Esnati alibaki magotini, lakini macho yake hayakwenda popote.

"Na hiyo, Mkuu. Itakuwa mstari wa mwisho, pamoja na ya Emelesi."

"Pamoja na ya Emelesi."

"Ndiyo, Mkuu. Hamtapungukiwa, mtachelewa tu."

Nyakwawa aliitazama simu, akalitazama jeneza, akamtazama Tiyanjane aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ngumi mdomoni. Akaizima simu akaitia mfukoni.

"Basi mimi nitakuwa sipo kabisa kwenye mstari," alisema. "Fanya. Lakini fanya kabla sijaona nyota."

Esnati hakubabaika. Mikono yake ilijua. Kwanza aliipunguza njia nzima, akaiambia ruta ya mnara, ile mashine inayoelekeza vipande, ipitishe pungufu kidogo ya vile daraja linavyoweza. Kijana aliyekuwa anachungulia begani kwake alishangaa: unapunguza? Anapunguza, ndiyo, maana foleni ikijipanga kule kwenye redio inayorusha mawimbi kwenda mjini, haina msimamizi. Yeye anataka ijipange kwake, mbele ya macho yake. Kisha akautoa mstari wa msiba pale mbele. Akaichukua simu ya Mama Falesi peke yake, sauti yake akaiweka mbele ya yote, kwenye njia nyembamba yenye kikomo, inayotosha mdomo mmoja na masikio ya huku. Nyuma yake akarudisha kituo cha afya mahali pake. Kisha picha ya mzee, na akaifanya isiwe nzuri sana. Mwisho kabisa, chini ya yote, akazifungia simu zote za uwanja mstari mmoja, zigawane sawasawa, hakuna mkubwa.

"Aa, yangu imekufa!" mtu akalia huko nyuma.

"Haijafa, inangoja," Esnati alisema bila kugeuka. "Mjomba Sailesi, huku ni Esnati wa Muhiye. Mnatusikia?"

"Nakusikia mpaka unavyovuta pumzi," kipaza sauti kilijibu pale pale, kama vile mzee amekaa nyuma ya mlango. "Nani huyo anakohoa?"

Watu wakatazamana. Nyakwawa akaiondoa leso mdomoni.

"Ni mimi."

"Pole, Mkuu. Kitu cha moto, unywe. Huo ukungu naukumbuka."

Uso wake kwenye kioo ulikuwa umejaa miraba miraba, hata tai haikuonekana rangi. Hakuna aliyejali. Mzee Sailesi alianza upya, kuanzia mwanzo, na safari hii alisema kama nkhoswe anavyosema. Alieleza ugonjwa wa dada yake ulivyoanza kwenye miguu ukapanda. Aliwataja waliomuuguza, na alipofika kwa Mama Falesi alinyamaza, na ule ukimya wake nao ulipita mzima, watu wakajua kwamba analia na si mtandao. Mama Falesi akajiinamia.

"Sasa," mzee alisema, "mtoto."

Waisoni akasogea karibu na kiti. "Mjomba, kuhusu mtoto, mimi kama mwana wa nyumba hii nimekwisha—"

"Nyamaza nimalize."

Alimkatia katikati ya neno, kama anavyokatiwa mtu aliyekaa nawe jikoni. Muda mfupi kabla ya hapo maneno hayo yangefika wakati Waisoni amemaliza hotuba yake yote. Kicheko kikapita uwanjani, cha mshangao zaidi kuliko cha utani, na Waisoni mwenyewe akafunga mdomo, akarudi hatua moja, akavua kofia.

"Sikukatalii kwa kukudharau, mwanangu," mzee aliendelea. "Umekuja kumzika mama yako na umemtaka mtoto wa dada yako, na kwa hilo mwanamume anasifiwa. Lakini niambie. Limbe atalala wapi?"

"Sebuleni, mjomba, mpaka tupate—"

"Na usiku mapacha wakilia ataamka nani?"

Waisoni aliigeuza kofia mikononi. Mkewe, aliyekuwa na pacha mmoja mgongoni na mwingine mbele, alitazama chini.

"Mlete mtoto aseme."

Mama Falesi akamshika Tiyanjane bega, akamsukuma kidogo mpaka kwenye kiti. Msichana akapiga magoti mbele ya simu. Sauti yake hata waliokaa veranda hawakuisikia vizuri.

"Nasikia," mzee alisema. "Sema tena, wasikie na wao."

"Nataka kubaki kwa Mama Falesi."

"Shule unaenda?"

"Naenda, babu."

"Bustani ya mtoni ya bibi yako, nani anaimwagilia?"

"Mimi."

"Basi umesikika." Mzee akakohoa, akairudisha sauti yake ya nkhoswe. "Wazee wa Namilambe, mimi Sailesi nimesema. Tiyanjane atakaa kwenye jiko la Falesi, kwa ukoo wa mama yake, na bustani ni yake. Waisoni, kuanzia leo wewe ndiye macho yangu hapo. Utakuja kumtazama kila mavuno. Hutakuja kumchukua. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba," Waisoni alisema. Na kwa kuwa haki yake ni kubwa kuliko haraka yake, aliongeza, "Nimekusikia vizuri sana."

Wazee wakapiga makofi, viganja vimekunjwa, polepole, uwanja mzima ukawafuata. Neno limesemwa, na wote walilisikia mara moja kwa pamoja. Nyakwawa akaashiria. Waisoni mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo akapiga msumari wa kwanza, na simu ilibaki kwenye kiti mpaka wa mwisho, Mzee Sailesi akihesabu kimya kimya huko aliko. Jeneza likatoka. Walipofika makaburini mwanga ulikuwa bado unatosha mtu kuuona uso wa mwenzake.

Waliporudi wakinawa mikono, Esnati alikuwa amekaa mahali pale pale. Akaifungulia njia kidogo kidogo, na simu zikaanza kulia mifukoni, video za mchana zikiondoka kwenda Joni, moja baada ya moja, kila mmoja kwa zamu yake.

"Yangu imeshafika?" Emelesi aliuliza.

"Ya nani?"

"Nani atakuwa, si yangu! Ile nimemrekodi Waisoni akinyamazishwa."

"Hiyo ingoje," Esnati alisema. "Hiyo haina haraka."

Tangu hapo msiba una kipimo kule Namilambe. Simu moja ya nkhoswe inapita mbele, njia yake ikiwa nyembamba, na waliobaki wanajipanga nyuma. Neno la siri la simu hiyo hakuna anayelitangaza jikoni. Wapo waliosema mwanamke yule ana moyo mgumu. Wapo wanaolisema mpaka leo, na Esnati hawabishii. Anajua mstari upi unapita na kwa nini.

Asubuhi iliyofuata mazishi yale Waisoni aliaga kwa Mama Falesi. Alimpa Tiyanjane kitambaa cha sare ya shule, akamwambia asikipunguze sana kwa sababu atakua. Basi lilipoondoka, msichana aliingia jikoni, moshi ukamkaribisha kama kawaida, na Mama Falesi akamkabidhi mwiko bila kumtazama.

"Koroga," alisema. "Wageni bado hawajala."